Mgongo wa Absalom

Absalom Oduor aliugua kwa miaka mitano na nusu ugonjwa ambao hakuwa nao. Mimi nilijua kwamba hana. Mume wangu Abdulrahman alijua, Zadock wa posta alijua, na Nekoye, mke wa Absalom, alijua kuliko sisi sote. Ukimhesabu na mgonjwa mwenyewe, tulikuwa watu watano katika mji mzima wa Kisumu tuliojua, na tulinyamaza kimya kama maji mtungini. Kila nikianza kusimulia habari za mtu huyu huwa nataka kumlaumu, maana kumlaumu ni rahisi. Lakini sifiki mbali kabla ya kujikuta nimesimama pale pale aliposimama yeye.

Nianze na kazi yetu, maana ndiyo iliyotukutanisha. Mimi na Abdulrahman tulikuwa mafundi wa magodoro ya pamba huko Kaloleni, katika moja ya zile nyumba kuukuu za baraza la mji. Godoro la pamba likilaliwa miaka miwili mitatu hugandamana na kuwa gumu, wenyewe wakaamka na viuno vinauma. Basi hutuletea sisi. Tunalifumua, tunaitandaza pamba juu ya mkeka uani, na kuichapa kwa fimbo nyembamba mpaka ilegee na kufura. Kisha tunaijaza upya na kushona. Ni kazi ya vumbi na kelele. Kutwa nzima ni pa, pa, pa, na majirani walishaizoea hata tukipumzika siku mbili wanakuja kuuliza kama tumefiwa.

Sasa, mimi na Abdulrahman tulikuwa na jambo letu. Sitalizungusha, umri wangu unaniruhusu kusema. Wako watu wawili wapendanao ambao mmoja hupenda kuchapwa na mwenzake hupenda kumchapa, kwa kuridhiana, bila hasira, na baadaye wakalala kwa amani ambayo wengi wanaitafuta hawaipati. Ndivyo tulivyokuwa sisi. Aliyependa kuchapwa ni mimi. Niliomba mwenyewe, kwa mdomo wangu, mwaka wa pili wa ndoa, na maskini Abdulrahman alifunga swaumu siku tatu kabla ya kunijibu. Tulidhani tuko wawili tu duniani. Alikuwa mtu wa swala tano na mjumbe wa kamati ya msikiti, na hofu yake haikuwa Mungu, maana alisema Mungu ameshatuona na paa halijaanguka. Hofu yake ilikuwa watu.

Mwaka wa themanini na nne, mwezi wa Julai, Nekoye akaja uani kwetu. Alikuwa Mbukusu wa upande wa Bungoma, mrefu, mwenye mikono ya kazi, mpishi katika shule moja ya bweni. Mumewe Absalom alikuwa karani wa mizani bandarini, Mluo wa Seme, kwao Kombewa. Mtu mpole sana, wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mfukoni. Walikaa nyumba ya nne kutoka kwetu, na katika miaka sita ya ndoa walikuwa hawajapata mtoto.

"Mama Saumu," Nekoye akaniita, kwa jina la binti yangu aliyekuwa ameolewa Mumias, "naomba fimbo moja ya pamba. Ile ya zamani, ile hutumii."

"Ya nini?"

"Nataka kuchapa godoro yetu. Imekuwa ngumu."

Nikamwangalia. Godoro lao nililiona siku walipohamia. Absalom alilibeba kichwani peke yake na bado mkono mmoja ukabaki wa kushika taa.

"Nekoye, godoro yenu si ni ya sponji? Sponji haichapwangi."

Mwanamke mwingine angecheka akasema alikuwa ananitania. Yeye alitazama pamba, akatazama lango, akatazama tena pamba, na katika macho yale nikajiona mimi mwenyewe miaka ishirini nyuma. Nikaingia ndani, nikatoka na fimbo mbili.

"Hii ya mwanzi usichukue," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Inapasuka kwa ncha, itamchana. Chukua hii ya mpera. Na usiguse karibu na figo. Shuka chini, ama panda juu kwa mabega."

Nekoye alikaa kitako juu ya pamba ya watu akalia. Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka Abdulrahman akatoka ndani na uzi mdomoni kuuliza kuna nini. Nilipomweleza, alikaa naye juu ya pamba. Siku ile godoro la mwalimu mmoja halikwisha.

"Ni yeye aliomba," Nekoye alituambia. "Mimi nilikataa mwaka mzima. Nilifikiri ananipima, nikikubali atasema mimi ni mwanamke mbaya. Sasa hata mimi napenda. Lakini naogopa. Kwao mwanamke akiinulia mume mkono ni mwiko mkubwa, wanaweza kutuita nyumbani tutakaswe. Na yeye anaogopa watamcheka."

Hapo ndipo ilipoanza Jumamosi yetu. Walikuja wawili hao kila wiki mbili, baada ya swala ya adhuhuri. Wa tano, Zadock, alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa mpanga barua wa posta, mseja wa miaka arobaini, ambaye alijidhania mwendawazimu tangu ujana. Aliwahi kumweleza mchungaji, akaombewa na kuambiwa afunge. Nekoye aliona namba ya sanduku lake la posta katika ukurasa wa marafiki wa kalamu, kwenye gazeti moja la burudani, na maneno yaliyopimwa kwa kijiko: anatafuta watu wazima wanaoelewa kwamba maumivu si lazima yawe adhabu. Akamwandikia mistari miwili. Zadock alifika na baiskeli, akaizunguka nyumba yetu mara tatu, na Abdulrahman ndiye aliyetoka kumwambia, "Bwana, ingia, chai inapoa."

Msidhani yalikuwa mambo ya ajabu. Muda mwingi tulikuwa tunakunywa chai. Lakini hebu fikiri mtu ambaye hajawahi kusema neno fulani kwa sauti maisha yake yote, halafu analisema mbele ya watu wanne na mmoja wao anamuuliza kama ataongeza sukari. Zadock alikuwa akitokwa na machozi kwa sababu ya sukari. Na wakati wa jambo lenyewe, wenye zamu waliingia chumba cha nyuma, na sisi wengine tulichapa pamba uani kwa nguvu zaidi. Nani angeweza kujua sauti ipi ni ya pamba na ipi si ya pamba? Siku moja kijana wa mzee wa mtaa alikuja kuuliza ni mkutano gani huu usio na kibali. Abdulrahman alimpa fimbo amsaidie. Alichapa pamba robo saa, akapiga chafya kama mara thelathini, akaondoka na hakurudi tena.

Sheria zilikuwa tatu, na Abdulrahman ndiye aliyezitunga. Kwanza, kulikuwa na neno moja, likitamkwa kila kitu kinasimama na mtu analetewa maji. Pili, hakuna kumgusa mwenzako kwa hasira, na mliogombana nyumbani wiki ile mnakunywa chai tu. Tatu, siri ya mtu husemwa na mwenyewe. Jirani yetu wa upande wa kulia alimpiga mkewe Pasaka moja mpaka jino likatoka. Tulipokimbilia huko tuliambiwa turudi, hayo ni mambo ya ndani ya nyumba ya watu. Mwenye kupiga kwa pombe alikaa barazani kesho yake akisalimiwa na kila mpita njia. Sisi tuliokuwa tunaulizana kwanza ndio tuliojifunga milango. Nilikuwa nikikasirika sana kwa jambo hilo, na hasira hiyo bado ninayo.

Absalom alibadilika miaka ile. Alinenepa kidogo, akaanza kuimba kanisani, hata bandarini wakamchagua kuwa mweka vitabu wa timu yao ya mpira. Aliniambia siku moja, "Mama Saumu, kule kazini nabeba kila mtu kwa kichwa. Hapa mtu ananibebea." Nekoye alipomsikia alimfuta vumbi la pamba begani. Nimeona ndoa nyingi, na sijaona nyingine ambayo watu waliangaliana vile baada ya miaka kumi.

Desemba ya mwaka wa tisini, Absalom alichukua likizo aende Kombewa kumsaidia mama yake kukandika nyumba. Jumamosi ya mwisho kabla ya kuondoka, fimbo iliteleza na ngozi ikafunguka, mstari kutoka mbavuni kwenda mgongoni. Si kidonda cha kutisha, alikuwa anacheka. Mimi ndiye niliyempaka ile dawa ya zambarau ya hospitalini, nikampaka kwa wingi, mkanda mzima, maana sikutaka kioze huko ugenini. Nilifurahi jinsi nilivyofanya vizuri.

Kwao Kombewa wanaume huoga ziwani pamoja, jioni, uchi, na hakuna anayeona ajabu. Absalom kwa miaka saba alioga kwa karai nyuma ya nyumba akisingizia kifua. Lakini siku ile walikuwa wamekanyaga udongo tangu asubuhi, wamepakaa matope mpaka nyusi, na mdogo wake Amolo alipokimbilia maji naye akakimbia, akasahau. Aliponiambia baadaye nilitaka kumzaba kibao. Miaka saba mtu anakumbuka, kisha joto la siku moja linamsahaulisha!

Amolo alikuwa mvuvi, na wavuvi wenzake wawili walishazikwa mwaka ule. Wote walianza na mkanda wa jeshi, ule upele unaozunguka mbavu upande mmoja, na wote walipakwa dawa hiyo hiyo ya zambarau. Alipouona mgongo wa kaka yake aliacha kuoga. Alitoka majini, akavaa, akaenda moja kwa moja kwa mama yao.

Mama yao aliitwa Dorca. Nisimseme vibaya, alikuwa mama. Amolo alisema ni ayaki, jina walilolipa ukimwi. Dorca alikataa katakata. Alisema ni chira, ule ugonjwa wa kukonda unaompata mtu mwiko ukivunjwa nyumbani kwake, kwa sababu chira ina dawa, na ayaki haikuwa na dawa, na mwanawe wa kwanza hawezi kupatwa na kitu kisicho na dawa. Dawa ya chira ni manyasi, mizizi na majani yaliyolowekwa maji. Lakini ili manyasi yafanye kazi lazima ijulikane nani alivunja mwiko. Macho yote yakamgeukia mke asiye na mtoto, aliyetoka mbali, anayefanya kazi mjini.

Januari waliitwa wote wawili. Haya nimeyasikia kwa Nekoye, na miaka baadaye kwa Absalom, na hawakutofautiana hata neno. Nyumbani kwa Dorca walikuwepo Dorca, Amolo, baba mdogo wao, na mama mmoja wa kanisa. Kikombe cha manyasi kilikuwa juu ya stuli.

"Nyathina," Dorca akamwambia mwanawe, "mtoto wangu, hizo alama kwa mgongo zilitoka wapi?"

Absalom alitazama sakafu aliyoikandika mwenyewe.

"Wewe mwanamke," Amolo akasema, "ulimletea ndugu yangu nini? Ulitembea na nani huko Kisumu? Sema, apone."

Nekoye angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache tu. Lakini siri ya mtu husemwa na mwenyewe, na yeye alikuwa mtu wa kushika neno. Alisema, "Mgongo ni yake na mdomo ni yake. Mwulizeni."

Wakasubiri. Nekoye aliniambia alikuwa na hakika kabisa kwamba atasema. Hata alijitayarisha watakapocheka, alikuwa ameshachagua jinsi atakavyomshika mkono watoke. Kuku aliingia akafukuzwa. Baba mdogo alikohoa. Absalom akainua kichwa, akasema, "Mama, nimechoka. Nipe hiyo dawa."

Akanywa kikombe chote. Na mtu akinywa manyasi mbele ya watu, amekubali kwamba mwiko ulivunjwa na kwamba aliyetajwa ndiye. Hakuhitaji kumsingizia mkewe kwa neno lolote. Nekoye aliinuka, akachukua mkoba wake, akatembea peke yake mpaka barabarani.

Absalom aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kufa. Mgonjwa hulala kitandani na heshima yake, watu wakamwonea huruma. Lakini mwanamume aliyemwomba mkewe amchape, kule kwao, hana pa kuuweka uso. Namwelewa vizuri sana, na hiyo ndiyo sababu sijawahi kumsamehe.

Nekoye alikuja kwangu wiki ile ile. Hakulia.

"Mama Saumu, wewe na Mzee mnaheshimiwa. Twendeni Kombewa. Semeni tu kwamba hiyo dawa mlimpaka nyinyi, na kidonda ilitoka kwa hii nyumba, na hana ugonjwa. Hiyo ingine muache."

Abdulrahman alitazama mikono yake. Alisema watauliza kidonda kilitokaje, na swali moja litazaa lingine, na msikiti una uchaguzi wa kamati. Nilitegemea kwamba mimi nitasema tofauti. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Acha tumalize hizi pamba za shule kwanza, Nekoye. Mwezi ujao tutaona." Magodoro ishirini ya shule! Alinitazama, akasema "Asante, Mama," na akaenda stendi. Jioni nilizichoma fimbo zote za chumba cha nyuma. Zadock aliomba uhamisho akaenda Kitale, na Jumamosi yetu ikaisha hivyo, bila mtu kuifunga.

Kwao Bungoma habari zilimtangulia. Baba yake, mzee Wakhisi, hakumfukuza, lakini alimtengea kikombe chake, sahani yake na kigoda chake. Chai aliyoipika Nekoye baba yake hakuinywa. Alikufa mwaka wa tisini na nne bila kuinywa. Baada ya mazishi Nekoye akarudi upande wetu, akapanga chumba Mamboleo. Alijaribu kupika chapati pale njia panda, mtu mmoja kutoka Seme akamtambua, na kufikia saa sita hakuna aliyenunua. Akaanza kuuza makaa, kwa sababu makaa hayaliwi.

Na Absalom? Absalom hakufa. Mwaka wa kwanza bandarini walimwekea kiti cha mto. Mwaka wa pili watu waliacha kumwonea huruma wakaanza kumshangaa. Mwaka wa tatu alikuwa na kitambi. Na hapo ndipo jambo lilipoharibika kuliko mtu yeyote alivyodhani. Kule Kombewa walisema: manyasi ya Mama Dorca yamemponya. Wagonjwa wakaanza kuja. Walikuja wa Seme, kisha wa Siaya, kisha wengine wakiletwa na mikokoteni kutoka mbali, vijana waliokonda mpaka suruali zinafungwa kwa kamba. Dorca aliwapa manyasi kwa moyo mweupe, na kila aliyesitasita alionyeshwa mwanawe aliyenenepa. Waliponywa? Walizikwa. Absalom alikuwa akienda kwao Krismasi na kuwapita wamelala kwenye kivuli cha ukuta alioukandika, na anapita, na anawasalimia.

Mei ya mwaka wa tisini na sita Amolo akaanza kukohoa damu. Hospitalini pale pale Kombewa walimpima, wakamwambia ni kifua kikuu, kina dawa, anywe vidonge miezi sita bila kuacha. Alikunywa wiki mbili. Vidonge vilimtia kichefuchefu, akavitupa, akaenda kulala kwa mama yake na kuomba kikombe.

Ndipo Absalom alipokuja kwangu. Abdulrahman alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na mimi sikuwa tena na kamati ya kuilinda. Alisimama uani, mzee kabla ya wakati, akasema, "Mama Saumu, naenda kusema. Nakuomba uje." Safari hii nilikwenda. Sijisifu kwa hilo. Nilikwenda kwa sababu haikunigharimu kitu.

Alisema yote. Mbele ya mama yake, mbele ya Amolo kitandani, mbele ya baba yake mdogo na wagonjwa wawili waliokuwa mlangoni. Alisema hakuwahi kuugua. Alisema alama zile ni za fimbo, na fimbo aliiomba mwenyewe, kwa mkewe, kwa hiari yake, kwa sababu anapenda, na kama kuna mwiko uliovunjwa aliuvunja yeye, na Nekoye hakutembea na mtu. Mimi nikasema ni kweli, fimbo ilitoka kwangu na dawa nilipaka mimi. Na hakuna aliyecheka. Kicheko alichokikimbia miaka mitano na nusu hakikuwepo kabisa.

Dorca alimtazama kwa upole mkubwa. "Vua shati," akamwambia.

Akavua. Mgongo wake ulikuwa laini kama wa mtoto. Ungekuwaje vingine? Miaka mitano hakuna aliyeugusa.

"Ona," Dorca akawaambia watu. "Hata alama imeisha. Na sasa anaona haya kwamba alikuwa mgonjwa, anatafuta maneno. Mama," akanigeukia, "nashukuru umekuja, lakini mambo ya huku hamjui."

Absalom alipiga magoti kando ya kitanda. "Amolo, omera, ndugu yangu, nakuomba. Hiyo maji haikuniponya. Hakukuwa na kitu ya kuponya. Rudi hospitali."

Amolo alimtazama kaka yake kwa macho yaliyozama. "Wewe ulikunywa," akasema. "Ulikunywa ukapona. Mimi ndio unaninyima?" Akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na mama yake akamshikia kichwa anywe vizuri.

Walimzika Agosti.

Wiki ya pili baada ya mazishi, Absalom alinipitia tena, tukaenda Mamboleo. Nilijua anachokitaka. Alitaka mtu mmoja amwambie kwamba alifanya vizuri, hata kama alichelewa. Nami, niseme ukweli, nilitaka sehemu ya neno hilo iniangukie mimi pia.

Nekoye alikuwa nyuma ya magunia, mikono myeusi mpaka viwikoni, anapanga makaa katika makopo. Alinisalimia vizuri. Alimsalimia Absalom pia.

"Nekoye," Absalom akasema, "nimesema. Nimeambia wote. Mama, Amolo, baba mdogo, hata wagonjwa. Nimesema ni mimi niliomba. Nimesema wewe hukukosa."

Aliendelea kupanga. Makaa makubwa chini, madogo juu.

"Lini?"

"Mwezi wa sita."

"Baba alikufa mwaka wa tisini na nne."

"Najua. Nilisikia."

"Ni nini ilikufanya useme?"

Absalom aliinamisha kichwa. "Amolo alikuwa anakufa."

Nekoye aliweka kopo chini. Hakupaza sauti, na uso wake haukuwa na hasira niliyoitarajia. Alikuwa kama mtu anayeuliza njia.

"Na mimi? Hiyo miaka yote, Absalom, ulifikiria mimi nafanya nini?"

Mwanamke mmoja alikuwa amekuja na beseni anataka makaa, anatuchungulia katikati ya mabega yetu. Nekoye alimkaribisha kwa mkono, kisha akatuambia kwa adabu tusogee kando kidogo, tunamzibia wateja. Tukasogea.